Mchele wa Kimbunga

Tingliao, Yunlin
1 Machi 1998

Kaka Ming-tsung,

Naanza na Bibi kwa sababu najua ndiye utakayemtafuta kwanza humu. Goti bado linamsumbua, lakini juzi alikwenda kung'oa vitunguu saumu kwa jirani na akarudi akisema vijana wa siku hizi wanang'oa kama watu wanaojikuna mgongo. Kwa hiyo ni mzima. Mimi naendelea na masomo. Mwalimu wa fasihi alinitaka nisome insha yangu mbele ya darasa, nikaisoma kwa sauti ndogo mpaka akaninyang'anya karatasi akaisoma mwenyewe. Ilisikika vizuri zaidi kwa sauti yake.

Habari yenyewe ni hii: Baba anagombea uenyekiti wa kijiji.

Nilidhani ni mzaha. Lakini Bwana Liao wa mjini, yule mwenye gari jeupe, amekuja mara nyingi, na sasa sebuleni kuna mabango yenye picha ya Baba akiwa amevaa tai. Picha imemfanya aonekane kama mtu anayeuza bima. Bibi aliitazama akasema, "Huyu ni nani? Mwambieni aingie, asisimame mlangoni."

Atapambana na Mzee Kang, mwenyekiti wetu wa miaka yote hii. Sijui tutawezaje kumtazama usoni. Mama alipofariki, Mzee Kang alikaa kwetu siku zote za msiba akipanga viti na kupokea wageni, na ndiye aliyenipa maji nilipokuwa nimejificha nyuma ya mtungi. Nilimkumbusha Baba. Akasema, "Ndiyo maana nataka. Miaka kumi na sita ya uenyekiti wake watu wananiona mimi ni mtu wa kusaidiwa."

Bwana Liao anasema Mzee Kang hashindiki kwa kupendwa, ila anashindika kwa mchele. Unakumbuka mchele wa msaada, baada ya kile kimbunga cha mwaka juzi? Magunia sita hayajulikani yalikokwenda. Nyumba za mwisho kwenye foleni zilipata nusu kibaba, na Mzee Kang alisema tu kwamba mchele haukutosha. Baba anataka kuliuliza hilo hadharani.

Utakuja kupiga kura? Wewe una umri, mimi bado. Na kura yako iko hapa, huwezi kuipigia huko jeshini kisiwani.

Mdogo wako,
Pei-chun


Kinmen
19 Machi 1998

Pei-chun,

Barua yako imechelewa, ndege zimeshindwa kutua kwa ukungu. Hapa ukungu ukishuka, mlinzi wa zamu hamuoni mlinzi mwenzake, wanakoholeana ili kila mmoja ajue mwingine yupo. Ninakula vizuri. Nimenenepa shingo. Mwambie Bibi zile soksi zimefika na kwamba sajini amezitamani.

Nimefurahi kusikia kuhusu Baba. Au tuseme nimeshangaa, halafu nikajaribu kufurahi. Tangu aache zile bahati nasibu zake na kurudi kutengeneza pampu za watu, amekuwa mtu mwingine, na mtu akibadilika anataka aonekane. Hilo namwelewa.

Lakini mwambie azungumzie mitaro. Azungumzie taa za barabara ya makaburini, ambazo haziwaki tangu nikiwa darasa la tano. Azungumzie mbwa wasio na wenyewe. Mchele auache. Mwambie imetoka kwangu.

Usiniulize kwa nini. Soma vitabu vyako.

Kaka yako,
Ming-tsung


Tingliao
6 Aprili 1998

Kaka,

Jana tulikwenda kusafisha kaburi la Mama. Bibi alileta maandazi ya mvuke na ile pombe kidogo ambayo Mama hakuwa akinywa. Tulipofika, magugu upande wa njia yalikuwa yameshafyekwa. Baba aliuliza ni nani. Sote tulijua shamba la Mzee Kang limepakana na pale.

Ujumbe wako nilimpa. Alisema, "Kaka yako anajua nini, yuko ndani ya handaki anahesabu mawingu." Kisha usiku ule ule, kwenye karamu ya hekaluni, akapanda jukwaani na kuuliza habari za magunia sita. Anaongea vizuri, Kaka. Sikujua. Watu walikuwa wakitafuna karanga wakaacha kutafuna. Aliposema, "Mwenyekiti wetu ametufanyia mengi, sikatai, lakini tumbo la mtoto wa mwisho kwenye foleni halijui hayo mengi," mama mmoja nyuma yangu alifuta machozi. Niliona fahari. Nakuandikia hivyo kwa sababu ni kweli, na baadaye nikaona aibu kwa ile fahari.

Kwenye basi la shule, Kang Hui-wen, mjukuu wa Mzee Kang, ndiye aliyekuwa akikaa na mimi tangu darasa la saba. Sasa anaweka begi lake kwenye kiti. Leo kijana mmoja alimwambia, "Hui-wen, babu yako amebakiza wali wowote?" Basi zima likacheka. Mimi nilifungua kitabu. Nilikishika juu chini na sikukigeuza, kwa sababu kukigeuza kungeonyesha kwamba nilikuwa nasikia.

Sasa kuna jambo jingine. Baba amemtaka Mzee Kang waende wote wawili hekaluni, mbele ya mungu wetu, wakate shingo za majogoo na kuapa. Tarehe kumi Mei. Mzee Kang amekubali kwenda.

Wewe uliniambia nisiulize, lakini nauliza. Mchele una nini?

Pei-chun


Kinmen
2 Mei 1998

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Safari hii si ukungu. Niliandika nikachana.

Huku mtama umechipua, na wenyeji wanasema mwaka huu pombe itakuwa nzuri. Nimejifunza kunyoa wenzangu nywele. Wa kwanza anafanana na mswaki, lakini wa tatu alinishukuru. Nimepewa ruhusa ya kuja kupiga kura tarehe kumi na tatu Juni, nitapanda meli hadi Kaohsiung halafu basi. Mwambie Bibi anitengenezee ule uji wa viazi vitamu.

Kuhusu kuapa: kama Baba lazima aape, basi aape juu yake mwenyewe tu. Aseme yeye si mwizi, yeye atafanya kazi, inatosha. Asiape juu ya mtu mwingine. Mtu hawezi kujua mambo ya mtu mwingine kwa kiasi cha kumkatia jogoo.

Ukimwona Mzee Kang mwambie

Hapana. Usimwambie kitu. Msalimie tu, kama utaweza.

Ming-tsung


Tingliao
12 Mei 1998

Kaka,

Barua yako ilifika jana. Kiapo kilikuwa juzi. Bibi hajambo. Hiyo ndiyo habari yote ya nyumbani niliyo nayo.

Watu walijaa hadi kwenye ngazi za hekalu. Palikuwa na gogo, panga, na majogoo wawili weupe ndani ya matenga. Baba alikuwa amevaa shati jipya. Alishika vijiti vya uvumba, akainama mara tatu, akasema: "Mimi, Hsu Wan-fa, nasema magunia sita ya mchele wa msaada yalitolewa na Kang Chin-shui nje ya orodha ya kijiji. Ikiwa nimemsingizia, niishie kama jogoo huyu." Kisha akakata. Jogoo hakufa mara moja. Sitaki kuieleza zaidi.

Ikawa zamu ya Mzee Kang. Alisimama mbele ya mungu kwa muda mrefu, uvumba ukamwishia mkononi hadi majivu yakamwangukia. Bwana Liao akasema, "Mwenyekiti, apa. Sema hakuna gunia hata moja lililotoka nje ya orodha."

Mzee Kang akasema, "Naapa sijala hata punje, wala sijauza."

"Hatukuulizi kula. Tunauliza orodha."

"Hilo siwezi kuapa," alisema.

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu huyu," akaonyesha kidole juu, kwa mungu, "anasikia."

Nyuma mtu akacheka. Mwingine akapiga kelele kwamba basi kama yalitoka, aseme yalikwenda wapi. Mzee Kang alimtazama Baba. Halafu alinitazama mimi, Kaka. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayepima kama mtoto amefunika mabega vizuri. Halafu akasema, "Kuku mmoja anatosha kwa leo," akamtoa jogoo wake kwenye tenga, akamkumbatia kwapani na kuondoka naye. Vijana walimfuata hadi barabarani wakiwika.

Baba alirudi nyumbani akiimba. Kijiji kizima kinasema Kang amekiri. Bwana Liao alileta bata wa kuchoma.

Kwa nini alinitazama mimi? Unajua. Nina hakika unajua. Ukinijibu tena kuhusu mtama sitakuandikia.

Pei-chun


Kinmen
28 Mei 1998

Pei-chun,

Hii naituma shuleni kwako, isipite mikononi mwa Baba.

Mchele tuliula sisi.

Baada ya kimbunga, Baba alikuwa halali nyumbani, unakumbuka, alikuwa akizunguka kwenye vihekalu vya makaburini akitafuta namba za bahati nasibu kwenye ndoto. Orodha ya msaada ilitaka mkuu wa kila nyumba afike mwenyewe na kugonga muhuri wa jina lake. Baba hakufika. Alisema hatapanga foleni ya ombaomba. Jina letu likafutwa. Pipa letu la mchele lilikuwa na mende tu.

Jioni moja Mzee Kang aliniita kwenye ua wake wa nyuma. Alinipa gunia, akasema, "Lifunge kwenye pikipiki, pita njia ya mfereji. Baba yako asijue. Ana aibu kubwa kuliko njaa yake, tumwachie." Wakati ule wote hadi mavuno nilikwenda mara sita. Wewe nilikuambia mchele umetoka kwa Mjomba wa Chiayi. Ulikula vibakuli viwili viwili, ukasema Mjomba ana mchele mtamu.

Baba naye alirudi akaula. Hakuuliza umetoka wapi. Nadhani hakutaka kuuliza.

Sasa unajua kwa nini mzee hakuweza kuapa. Yalitoka kweli nje ya orodha. Angeweza kusema mbele ya watu wote yalikwenda kwa nani, na uchaguzi ungeishia pale pale. Hakusema.

Usimwambie Baba. Sijui kama nasema hivyo kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilikuwa na umri wa kutosha kuandika barua hii mwezi wa Machi. Niliandika kuhusu mbwa.

Ming-tsung


Tingliao
21 Juni 1998

Kaka,

Bibi hajambo. Mvua zimeanza. Baba ameshinda.

Barua yako niliipata tarehe nane, siku tano kabla ya kura. Mwalimu alinipa darasani, nikaisomea chooni. Siku tano zinatosha kusema sentensi moja. Nataka ujue kwamba sikuisema.

Nilimwambia Bibi peke yake. Alikuwa akimenya karanga. Nilimuuliza kama alijua mchele ule haukutoka kwa Mjomba.

"Mjomba wako hajawahi kunipa hata chumvi," akasema. "Na muhuri wa serikali ulikuwa kwenye gunia. Mimi sijui kusoma, lakini si kipofu."

"Kwa nini hukusema, Bibi?"

"Niseme nini? Nimwambie, mwanangu, ulilishwa na jirani kama kuku? Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuamka asubuhi kama watu."

"Lakini sasa Mzee Kang anazomewa."

Alimenya karanga nyingi kabla ya kujibu. "Mwanangu ni mmoja," akasema. Baadaye niliona anatupa karanga kwenye bakuli la maganda na maganda kwenye bakuli la karanga.

Siku ya kura walirudi watu wote, hata wale wa Taipei ambao huja mwaka mpya tu. Ndugu zao waliwapokea kituoni. Bibi alipika uji wako wa viazi, akaufunika. Saa kumi sanduku likafunguliwa shuleni, katika ukumbi ule wa chini. Nilisimama dirishani na wengine. Unajua wanavyofanya, kila karatasi inanyanyuliwa juu ionekane, wanaita, na mwingine anachora mstari ukutani. "Nambari moja, Kang Chin-shui. Nambari mbili, Hsu Wan-fa. Nambari mbili. Nambari mbili." Kila walipoita jina la Baba, watu walinigonga begani. Hui-wen alikuwa dirisha la pili. Hatukutazamana, lakini tulikuwa tukisikia majina yale yale.

Tofauti ya kura kumi na moja, Kaka. Kumi na moja tu. Kuna nyumba moja ya binamu wawili wa Taipei na wake zao na watoto wao wakubwa, wangetosha kugeuza matokeo.

Kisha yule rafiki yako wa kikosini, A-hung wa kijiji cha pili, akaja kutupongeza. Baba akamwambia masikini Ming-tsung amekosa meli. A-hung akashangaa. Alisema meli ilikuwepo na nafasi yako ilikuwepo, na wewe ulimpa mtu mwingine. Baba alicheka, akadhani A-hung amelewa. Mimi sikucheka.

Siku iliyofuata kulikuwa na msafara wa kushukuru wapiga kura. Nilisema naumwa tumbo. Baba akasema familia lazima ionekane. Walinivisha ule ukanda wa kitambaa begani, nikapanda nyuma ya pikapu pamoja naye, tukazunguka polepole huku Bwana Liao akitangaza mbele, na mbele ya kila nyumba iliyowasha fataki tukainama. Niliinama sana. Nilipata kuona viatu vyangu kwa muda mrefu.

Tulipokaribia kwa Mzee Kang, dereva alitaka kukata kona. Baba akasema hapana, tupite, tusiwe waoga. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Kang alikuwa amesimama nje, amevaa kofia yake ya kila siku, na mbele ya lango alikuwa ametandaza mkufu mrefu wa fataki. Akauwasha. Moshi ulipopungua, alikuwa ameunganisha mikono kifuani akitusalimu kwa heshima, kama anavyopaswa kumfanyia mshindi. Baba aliinama. Nilimsikia akisema chini chini, "Mtu mwenye hatia lakini ana adabu."

Nilikuwa karibu yake kiasi cha kugusana viwiko. Nilisikia maneno yamefika mdomoni. Yakarudi.

Uliogopa nini hadi ukatoa nafasi yako kwenye meli? Na mimi niliogopa nini? Nimekaa naandika hivi na bado sijui, au najua na silipendi jibu.

Pei-chun


Kinmen
9 Julai 1998

Pei-chun,

A-hung hakulewa.

Nilifika hadi bandarini. Nilijiona ndani ya kile kibanda, pazia limeshuka nyuma yangu, muhuri wa kura mkononi, na picha mbili mbele yangu. Picha ya baba yangu na picha ya mtu aliyetulisha. Hakuna anayeona unapogonga, ndiyo siri ya kura. Ndiyo iliyonishinda, kwamba hakuna ambaye angeona na mimi ningejua. Nikampa tiketi kijana wa Changhua ambaye mama yake ana kisukari, nikajiambia nimefanya wema. Nimekuwa nikijiambia hivyo mwezi mzima na sijaamini hata siku moja.

Nimeweka humu barua nyingine, imefungwa, ni ya Baba. Yote yamo. Ukiona inafaa mpe. Ukiona haifai, ichome. Wewe una akili kuliko mimi, utajua.

Namaliza jeshi Oktoba. Msalimie Bibi. Uji aliouweka sitausahau ingawa sikuula.

Ming-tsung


Tingliao
10 Agosti 1998

Kaka,

Bibi anakusalimu na anasema uji wako ulikwenda kwa nguruwe wa jirani, usijipe sifa ya kuukumbuka.

Barua yako ya Baba sikumpa, na sikuichoma pia. Imo ndani ya bahasha hii, kumpa ni kazi yako. Nilikukasirikia, Kaka. Ulinikabidhi jambo lako halafu ukaniambia nina akili. Nilizunguka nalo wiki mbili. Halafu nikaona kwamba nikimpa Baba karatasi, nitakuwa nimejificha tena, safari hii nyuma ya mwandiko wako.

Tarehe moja Agosti walikabidhiana kazi. Mafundi waliutoa ule mtambo wa matangazo nyumbani kwa Mzee Kang wakauleta kwetu, ukawekwa juu ya meza pembeni ya picha ya Mama. Amplifaya, maikrofoni yenye sponji iliyoliwa na panya, na waya unaokwenda kwenye vipaza sauti vyote vya nguzoni. Mzee Kang alikuja nao mwenyewe. Alimwonyesha Baba swichi ipi inashika na ipi haishiki. Baba hakumkaribisha chai. Mzee aliondoka.

Tulipokaa kula, nikasema. Niliangalia samaki na nikasema, "Baba, magunia sita yaliletwa hapa. Kaka alikuwa akiyachukua kwa pikipiki. Tuliyala sisi."

Bibi aliweka vijiti vyake vya kulia chini. Baba akaendelea kutafuna. Nilidhani hakusikia, sauti yangu unaijua. Kisha akauliza, "Wakati ule wa kimbunga?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikula?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Ulikula. Uliomba uongezwe."

Akainuka akaenda bandani. Usiku ule nilisikia anafungua pampu ya mtu na kuifunga tena. Siku ya pili alikuwa anajishika shingo, kila mara anajishika shingo, kama mtu aliyelala vibaya. Nilijua anamfikiria yule jogoo. Anaamini, Kaka. Hakuapa kwa hila. Alidhani ni kweli, na ni kweli yalitoka nje ya orodha, ila hakujua kwamba orodha yenyewe ilimkosa yeye. Siku ya tatu alimpigia simu Bwana Liao. Nilisikia upande wake tu. "Hapana. Hapana, si siasa. Nakuambia niliula." Akasikiliza. "Basi usije."

Jana asubuhi, kabla jua halijawa kali, akakaa mbele ya mtambo. Nilikuwa natoa chai. Alibonyeza swichi, vipaza sauti vikakoroma kijiji kizima, na watu wote wakasikia anavyopumua. Alipumua muda mrefu. Nadhani hata wavuvi wa mikunga kule kwenye mabwawa walisimama kusikiliza. Halafu akasema haraka, kwa sauti ile ile moja:

"Ndugu wanakijiji, tangazo. Kesho watu wa afya watakuja kupuliza dawa ya mbu, funikeni vyakula, fungieni mbwa. Ule mchele wa kimbunga uliliwa nyumbani kwangu, Mzee Kang alitupa kwa sababu tulikuwa na njaa, hakuiba. Narudia."

Unajua kila tangazo hutolewa mara mbili, kwa ajili ya wazee na walioko mashambani. Akarudia: "Kesho watu wa afya watakuja kupuliza dawa ya mbu, funikeni vyakula, fungieni mbwa."

Mdomo wake ulibaki wazi. Lile la pili halikutoka. Alinitazama, na alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona, uso wa mtu anayesubiri kwenye foleni.

Nikaweka chai chini, nikashika maikrofoni. Nilisema, "Narudia. Mchele wa kimbunga tuliula sisi, nyumba ya Hsu. Mzee Kang hakuiba." Sauti yangu ilitoka kwenye nguzo iliyo karibu, halafu ya hekaluni, halafu, kwa kuchelewa kidogo, ile ya mwisho kabisa huko kwenye mashamba ya karanga, nyembamba, inatetemeka. Sikuweza kuirudisha. Ikafuatia mluzi mkali wa mtambo, watu wakaziba masikio, Baba akazima.

Sitaki udhani mambo yamekuwa mazuri. Kuna watu wanasema tumewapumbaza wakapiga kura, na wana haki. Kuna walioandika kwenye ukuta wetu kwa chaki neno ambalo Bibi ameniomba nisimsomee. Baba amekwenda ofisi ya tarafa kuuliza namna ya kujiuzulu, wakamwambia arudi wiki ijayo, karani wa hayo yuko likizo. Hui-wen bado anaweka begi kwenye kiti.

Jana jioni nilitumwa na Baba kwenda kwa Mzee Kang kumuuliza kama atakubali Baba aje kwake. Si kuja kusema kitu, kuja tu. Nilikwenda kwa miguu kupitia njia ya mfereji. Mzee alikuwa anamwagilia mboga. Nilisimama langoni nikawa natazama mchicha.

Akasema bila kugeuka, "Ile maikrofoni, mwambie baba yako asiisogelee sana. Inapiga mluzi. Akae umbali wa ngumi moja."

Nikasema nitamwambia.

"Na wewe pia," akasema. "Ulikuwa umeimeza kabisa."

Kisha akaniambia Baba aje kesho, baada ya dawa ya mbu.

Mdogo wako,
Pei-chun